Makoa wa Maji Baridi na Madai Yasiyosimama

Koa wa bahari mwenye urefu wa milimita 8, akipigwa picha kwenye fiodi ya Norwei au ghuba ya Uskoti, huzua ubishi mkubwa kuliko mwili wake. Mmoja anasema ni huyu, mwingine anasema ni yule, wa tatu anafungua kitabu cha zamani na kutangaza kuwa mjadala umefungwa. Katika ubishi huo, naona makosa hayatoki sana kwenye macho ya wapiga mbizi. Wanaona vizuri. Tatizo ni madai machache yanayorudiwa mpaka yakageuka kanuni. Nayachukua hapa kama yanavyosemwa, na sitayapa yote nafasi sawa kwa sababu mengine hayastahili.

“Makoa wa rangi ni wa bahari ya joto. Kaskazini kuna giza na matope tu.”

Hili tulimalize haraka. Maji ya Uingereza na Ayalandi peke yake yana spishi zaidi ya 100 za makoa wa kundi la nudibranki, wale ambao matamvua au vidole vyao vya mgongoni viko wazi bila gamba. Edmundsella pedata ana mwili wa zambarau ya waridi, na vidole vyake vya mgongoni ni vyekundu vyenye ncha nyeupe. Limacia clavigera ni mweupe aliyezungushiwa vidole vyenye ncha za rangi ya machungwa. Huko Gulen, karibu na mdomo wa Sognefjorden, wapiga mbizi hukusanyika kila mwaka majira ya baridi yakielekea ukingoni. Huvaa suti kavu na glavu nene, na kazi yao ni kutafuta makoa basi. Na tuseme kweli: hata kwetu, ni wangapi wanaoingia maji ya kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, wakamtazama koa kabla ya kasa?

“Mtambue kwa rangi. Rangi haidanganyi.”

Inadanganya, tena kwa njia mbili zinazopingana.

Kwanza, spishi moja huvaa rangi nyingi. Acanthodoris pilosa anaweza kuwa mweupe, wa kijivu, wa kahawia, au wa zambarau inayokaribia weusi, na wote hao ni ndugu wa tumbo moja. Kinachomtambulisha ni mgongo uliojaa vichongoka laini virefu, pamoja na pembe zake ndefu za kunusia zilizoinama nyuma. Aeolidia papillosa, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1761, hula anemoni, na rangi yake hubadilika kwa kiasi fulani kulingana na alichokula. Elysia viridis ana ukijani hadi kwenye jina lake, kwa kuwa hunyonya utomvu wa mwani na kuhifadhi mwilini viwiliwili vya klorofili vikiwa bado vinafanya kazi. Lakini akiishi kwenye mwani mwekundu, yeye naye huweza kuwa na wekundu wa kahawia. Kumtaja koa kwa rangi peke yake ni kama kumtaja mtu kwa kanzu aliyovaa Ijumaa.

Pili, na hapa ndipo penye hatari zaidi, spishi mbili huvaa rangi moja. Onchidoris muricata na Adalaria proxima huishi pamoja kwenye miamba na majani ya mwani mkubwa wa kahawia. Wote wawili ni weupe au wa manjano hafifu, na wote hula briozoa, wale wanyama wadogo wanaotandaza utando wa vyumba vyumba juu ya mwani. Ukiwatazama kwa mita moja huwatofautishi. Ukisogea, utaona vinundu vya mgongoni vya O. muricata vina vichwa bapa, na vya A. proxima vimechongoka zaidi. Tofauti hiyo ndogo imebeba maisha mawili. Mayai ya O. muricata hutoa lava, yaani watoto wachanga, wanaoelea na kula planktoni kwa wiki kadhaa kabla ya kutua. Lava wa A. proxima huzaliwa na akiba ya kiini na hawahitaji safari hiyo ndefu. Sasa fikiria picha iliyopigwa kwa flashi kali mpaka mgongo mzima umekuwa doa jeupe lisilo na umbo. Mpiga picha ameonyesha rangi na kufuta ushahidi.

Hapa pana kipande cha historia kinachotugusa. Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna wa Uingereza katika Himaya ya Afrika Mashariki hadi mwaka 1904, ndiye yule anayekumbukwa Kenya kwa kuwafungulia walowezi nyanda za juu. Siasa yake ya ardhi simtetei hata kwa neno moja. Lakini mtu huyo huyo alikuwa mtaalamu mkubwa wa makoa wa bahari. Aliandika mfululizo wa makala kuhusu makoa wa Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa wamekusanywa na mwanazoolojia Cyril Crossland. Mwaka 1910 akatoa nyongeza ya kitabu kikuu cha makoa wa Uingereza, ambacho Joshua Alder na Albany Hancock walikichapisha kwa sehemu kati ya 1845 na 1855. Alder na Hancock walichora wanyama wakiwa hai, na ndiyo maana michoro yao inatumika hadi leo. Mtaalamu aliyeletewa chupa ya spiriti alikuta vipande vya nyama vilivyopauka, akalazimika kufungua kinywa na kuchunguza radula, ule utepe wa meno madogo anaoukwangulia koa chakula chake. Kwa hiyo elimu hii tangu mwanzo imesimama kwa miguu miwili: mnyama hai mwenye rangi yake, na mnyama aliyepasuliwa asiye na rangi kabisa. Anayetaka kutembea kwa mguu mmoja hafiki mbali.

Nikubali upande wa pili wa hoja. Kwa baadhi ya spishi rangi inatosha. Limacia wa maji ya Norwei au E. pedata aliyekomaa hamsumbui mtu. Kosa ni kuichukua bahati ya hao wachache na kuifanya sheria ya wote.

“Tazama mnyama, achana na jani alilokalia.”

Hili ndilo dai linalonikera kuliko yote, kwa sababu linatupa nje ushahidi bora uliomo kwenye picha.

Kwanza, mara nyingi hilo si jani. Ni haidroidi: koloni la wanyama wadogo wadogo, jamaa wa matumbawe na konyeza, linalosimama kwenye mwamba kama unyoya au kitawi. Wapiga mbizi wengi hulipita wakidhani ni mwani. Makoa wengi wadogo wa kaskazini huishi juu yake, hula juu yake, na hutaga utepe wa mayai juu yake. Tena ni wachaguzi wa chakula ajabu.

Chukua jenasi Doto. Hawa ni makoa ambao kwa kawaida hawafiki hata sentimita 2. Ni weupe hafifu, na mgongoni wana safu mbili za vinundu vinene vyenye madoa mekundu. Kwa muda mrefu karibu kila mwenye madoa mekundu aliandikwa Doto coronata, na watu wakalala usingizi. Kisha mwaka 1976 Henning Lemche wa Denmark, mwanazoolojia aliyeupa ulimwengu habari za Neopilina, moluska wa kina kirefu, alichapisha spishi mpya za Doto kutoka maji ya Uingereza na Ayalandi. Mwaka 1992 Christine Morrow, J. P. Thorpe na Bernard Picton wakalinganisha vimeng'enya vya makoa wa sehemu ya kaskazini ya Bahari ya Ayalandi waliokuwa wakihesabiwa kuwa aina mbili tu za D. coronata. Wakagundua kuwa hawazaliani na wana historia tofauti za urithi. Waliwapa majina Doto hydrallmaniae na Doto sarsiae, na majina hayo yenyewe yanataja chakula chao. Wa kwanza hukaa kwenye haidroidi Hydrallmania falcata. Wa pili hukaa kwenye haidroidi iliyokuwa ikiitwa Sarsia eximia.

Orodha inaendelea. Doto dunnei hupatikana kwenye Kirchenpaueria pinnata. Doto millbayana yuko kwenye Plumularia setacea. Doto pinnatifida hupenda Nemertesia antennina, huku Doto cuspidata akiwa kwenye jamaa yake, Nemertesia ramosa. Mpiga picha akileta picha ya Doto iliyokatwa pembeni ili mnyama ajae fremu, amekata jibu akalitupa. Mimi ningependelea picha mbaya ya koa yenye haidroidi nzima kuliko picha ya kutundika ukutani yenye mandhari nyeusi.

Hata hivyo chakula si hukumu. Koa hutambaa, na aliyekutwa kwenye haidroidi isiyo yake huenda yuko njiani tu. Ukimkuta anakula, au ukiona mayai yake yamezungushwa kwenye tawi hilo hilo, basi ushahidi umepata uzito.

“Ulaya walishachunguza kila kitu. Koa wa huko lazima ana jina kitabuni.”

Mtu anayesema hivi hajafuatilia miaka ya karibuni. Mwaka 2017 Dendronotus yrjargul alielezwa kutoka eneo la Trondheimsfjorden nchini Norwei. Ni koa wa manjano, na jina lake linabeba jina la kale la wilaya ya Ørland. Mwaka 2020 ikaja Polycera norvegica. Kwa miaka mingi wapiga mbizi wa Norwei walikuwa wakimwona na kumwandika P. quadrilineata, ambaye ni wa kawaida kuanzia Norwei hadi Mediterania. Mwaka 2021 Jorunna artsdatabankia akachomolewa kutoka kwa wale waliokuwa wakiitwa J. tomentosa. Jina lake ni la heshima kwa Artsdatabanken, taasisi ya Norwei inayotunza kumbukumbu za spishi za nchi hiyo. Naye Aeolidia papillosa niliyemtaja juu, baada ya miaka zaidi ya 250 ya kuaminika, mwaka 2016 ilionekana kuwa jina lake lilikuwa limembeba na mwenzake: Ulaya ina A. papillosa na A. filomenae.

Sehemu ya kazi hiyo isingewezekana bila wapiga mbizi wa kawaida. Makumbusho ya Chuo Kikuu cha Bergen yaliendesha mradi wa makoa wa kusini mwa Norwei ambao watu wa kujitolea walikuwa wakiutumia picha na vielelezo kutoka pwani yao. Mwanasayansi hawezi kuwa chini ya maji ya kila kijiji kila mwishoni mwa wiki. Mkazi wa kijiji anaweza.

Sisemi vitabu havifai. Picton na Morrow walitoa mwongozo wao wa makoa wa Visiwa vya Uingereza mwaka 1994, na wakati huo hapakuwa na mwenzake kwa mtu wa majini. Lakini kitabu ni picha ya elimu ilivyokuwa siku kilipokwenda mtamboni. Waandishi wenyewe wanalijua hilo, maana baadaye walikitengeneza upya na kukipanua kifike Ulaya yote ya kaskazini magharibi.

“Majina yanabadilika kila mwaka, kumbe wataalamu nao wanabahatisha.”

Malalamiko haya nayaelewa. Aliyejifunza Flabellina lineata aliamka mwaka 2017 akaambiwa ni Fjordia lineata, na kabla wino haujakauka akaambiwa ni Coryphella lineata. Inachosha.

Ila tazama vizuri kilichobadilika. Neno la pili halikuguswa: lineata, yule mwenye mistari, kama alivyoitwa na Sven Lovén wa Uswidi mwaka 1846. Hakuna aliyedai kuwa mnyama huyu mwenye mstari mweupe mgongoni na mstari mwingine kwenye kila kidole si yeye. Kilichobishaniwa ni ukoo: je, jamaa hawa wagawanywe katika jenasi nyingi ndogo au wawekwe pamoja katika jenasi moja kubwa? Watafiti wa 2017 waligawanya. Wengine waliofuata waliona mgawanyo umepita kiasi, wakaunganisha tena. Huo ni ubishi wa kupanga nyumba, na mpiga mbizi anaweza kuusubiri nje huku akiendelea kumtambua mgeni wake. Tofauti na hapo ni pale neno la pili linapogawanyika, kama kwenye Polycera au Jorunna. Hapo kumbukumbu za zamani zinapaswa kufunguliwa na picha kutazamwa upya, na asiyetunza picha zake hana cha kufungua.

“Siku hizi kuna DNA. Picha ni mapambo.”

DNA haisemi jina la mtu. Inasema kipande hiki kinafanana na kile, na kile lazima awepo mtu aliyekitaja kwa usahihi kabla. Mfuatano wa jeni uliohifadhiwa chini ya jina lisilo sahihi utampotosha kila atakayeulinganisha. Na mara nyingine DNA yenyewe inakataa kuchora mpaka. Waliochunguza Jorunna mwaka 2021 hawakuishia kwenye spishi moja mpya. Ndani ya J. tomentosa waliona pia dalili za makundi yanayoanza kuachana, bila kuweza kusema kuwa tayari ni spishi mbili. Maumbile hayana wajibu wa kutupangia mafungu safi.

Tena kipande cha nyama kwenye kichupa hakikuambii mnyama alikuwa kina gani, mwezi gani, anakula nini, wala pembe zake zilisimamaje akiwa hai. Hayo ni ya mpiga picha. Kazi nzuri za miaka hii zimeunganisha jeni, radula, viungo vya uzazi na rangi ya mnyama hai, na baada ya uchunguzi huo ndipo mara nyingi alama ndogo ya nje ikapatikana ambayo mtu wa majini anaweza kuitumia.

“Kila kilaini chenye rangi ni nudibranki.”

Hapana. Prostheceraeus vittatus, mwenye mistari myeusi juu ya mwili wa malai, ni mnyoo bapa. Hana matamvua, na akitambaa kingo zake zinapepea. Lamellaria ni konokono halisi aliyelificha gamba lake ndani ya nyama. Hata Elysia na Limapontia, huyu wa mwisho akiwa mweusi na mfupi kuliko ukucha, ni makoa wa bahari kweli lakini ni wa ukoo mwingine, wa wanyonya utomvu wa mwani. Ukianza na kundi lisilo lake, kila ukurasa utakaofungua utakuwa wa bure.

“Huyo hajawahi kuonekana huku, basi si yeye.”

Ramani ya spishi huonyesha mahali watu walipotazama. Babakina anadoni, koa wa rangi nyingi aliyeelezwa kwanza kutoka kaskazini mwa Hispania, mwaka 2022 alikutwa kwenye kidimbwi cha miamba huko Falmouth, Cornwall. Aliyemwona angefuata kanuni hii, angelazimika kuyakana macho yake. Mahali ni sababu ya kuuliza maswali zaidi, na dai la ugeni linahitaji picha nzuri kuliko dai la kawaida. Lakini mahali peke yake hapana kura ya turufu.

“Programu ya simu itakutajia.”

Itakutajia, na kwa Limacia huenda ikapatia. Akili mnemba hujifunza kutoka kwenye picha zilizokwisha kupewa majina, na kama maelfu ya P. norvegica yaliandikwa quadrilineata kabla ya 2020, mashine itarudia kosa hilo kwa kujiamini kuliko binadamu. Haiwezi kukuomba umgeuze mnyama, na haikuulizi aliyekaliwa ni nani. Itumie ikupe mahali pa kuanzia.

“Ukiandika jenasi tu, umeshindwa.”

Dai hili ndilo linalowasukuma watu kuandika jina kamili wasiloweza kulitetea, na kumbukumbu mbovu hukaa miaka mingi kwenye ramani. Kuandika Doto bila spishi, chini yake ukaongeza kina, tarehe na jina la haidroidi, ni kazi kamili. Mwenye elimu zaidi atakuja kuimalizia. Kwa Polycera, picha moja iliyopigwa kutoka mbele inatosha kuhesabu vidole vya utando wa kichwani: vinne hadi sita kwa kawaida ni quadrilineata au jamaa yake wa Norwei, vinane au zaidi ni P. faeroensis. Kwa aina zenye vidole vya mgongoni, piga ubavu ili pembe za kunusia zionekane kama ni laini au zina pete, kisha piga juu, kisha rudi nyuma upige alichokalia. Punguza flashi kwa mnyama mweupe. Usimwondoe mahali alipo ili kupata mandhari safi, kwani unamvunjia chakula chake na wewe mwenyewe unapoteza nusu ya jibu. Na kama baada ya hayo yote bado ni Doto tu, andika Doto.